MWENZAKO AKINYOLEWA: KHABARI YA KAWE NA VIWANJA VYA VIWANDA VILIVYOKUFA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, mwenye duka, mbele ya mkutano wa tawi baada ya sala ya alasiri. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa faida ya matawi mengine. — Mhariri)



Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, kisha naishukuru Kamati ya tawi kwa kunipa nafasi hii, juu ya kuwa mimi si mwanasiasa wala si mhandisi. Elimu yangu ni ya chuoni na kazi yangu ni duka. Nimezoea kupima sukari, sikuzoea kupima ardhi. Lakini Bwana Katibu ameniambia ya kuwa wanachama wengi wanauliza khabari ya mitaa mipya inayojengwa Dar es Salaam katika viwanja vilivyokuwa vya viwanda, na kwamba mimi nimewahi kukaa huko. Basi nimekuja kueleza niyajuayo na kutoa shauri langu. Na shauri si amri.

Watakuwapo watakaouliza: sisi watu wa visiwani, yatuhusu nini mambo ya Kawe na Temeke? Ninayo majawabu mawili. La kwanza ni kuwa katika mkutano huu sidhani yupo mtu asiye na ndugu, mtoto au mkwe huko, Kariakoo, Tandika, Mbagala au Kinondoni. Linalowapata wao latupata sisi, na pesa wanazotuletea sikukuu hutoka katika vyumba wanavyovilipia kodi huko. La pili ni lile walilolisema wahenga: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nasi tunayo magodauni yaliyolala na karakana zilizonyamaza. Tena ardhi si katika mambo ya Muungano. Ni mambo yetu wenyewe, na hukumu yake iko katika Baraza letu la Wawakilishi. Siku wembe utakapofika hapa hatutakuwa na mtu wa mrima wa kumsingizia.

Ndugu zangu, Kawe iko kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni, karibu na bahari, kwenye barabara ya zamani ya Bagamoyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilishirikiana na kampuni ya Liebig, kikajengwa hapo kiwanda kilichoitwa Tanganyika Packers. Kazi yake ilikuwa kuchinja ng'ombe wa bara, kuipika nyama yake na kuitia makoponi, ikapelekwa ng'ambo. Zikapita zama, mkoloni akaondoka, na mwisho kiwanda kikafa. Yakabaki majengo, majani, na uwanja mkubwa ambao watu wakiutumia kwa mikutano ya siasa na ya dini.

Mimi nilifika Kawe mwaka 1998, kijana niliyekwisha khitimu Msahafu na sijui jambo jengine, nikawa namsaidia mjomba wangu aliyekuwa na duka dogo la kupanga katika ukumbi wa nyumba ya mtu. Kiwanda kilikuwa kimya, lakini jina lake lilikuwa hai. Hata leo ukimwambia mwenye gari "nishushe Packers" hukuuliza zaidi. Wateja wetu walikuwa wavuvi, mafundi, mama wapika vyakula, na wazee waliobaki Kawe baada ya ujana wao kwisha. Mjomba alikuwa na daftari la madeni lenye majina yao wote, nami ndiye niliyekuwa nikiliandika, maana hati yangu ilikuwa nzuri. Nimelitaja daftari hili kwa sababu nitalirejea.

Baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, likapata sehemu kubwa ya ardhi ile ya Packers, zaidi ya ekari mia mbili, kwa makusudio ya kujenga mji mpya mzima: nyumba za kukaa, maduka, ofisi, skuli, pahala pa tiba na bustani, vyote pamoja. Likaanza na majumba marefu wanayoyaita 711, yenye nyumba zaidi ya mia nne. Kazi ikasimama kwa sababu ya fedha na vibali vya kukopa. Zege likabaki uchi miaka kadhaa, mvua ikilinyea na jua likilichoma, kisha baada ya mwaka 2021 kazi ikafufuliwa. Mwaka 2022 likazindua mpango mwengine ulioitwa kwa jina la Rais Samia, wa kujenga nyumba 5,000 katika nchi, na 560 za mwanzo zikawekwa hapo hapo Kawe.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, insafu yatutaka tuseme kweli hata juu ya jambo lisilofanywa na sisi. Kuijenga upya ardhi ya kiwanda kilichokufa ni jambo jema. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5. Watu hao wakiwa kila mmoja anatafuta kiwanja pembezoni, mji unatambaa mpaka unakutana na miji mingine, na mtu anaamka saa kumi za alfajiri kuwahi kazi. Ni bora ardhi iliyo ndani ya mji, iliyokwisha kufikiwa na barabara na umeme, ikaliwe na watu kuliko kukaliwa na nyoka. Wala mtaa wa duka chini na nyumba juu si jambo geni lililozuliwa na wahandisi wa leo. Tembeeni Mji Mkongwe, kutoka Darajani mpaka Hurumzi; babu zetu walikaa hivyo, mlango wa biashara ukitazama njia, ngazi ikipanda nyumbani, na barza ikiwakusanya jirani. Waliopanga mitaa mbalimbali, huku kazi na huku kulala, ni waliokuja baadaye.

Kwa hiyo sisemi "wasijenge". Ninalouliza ni hili: wanajenga kwa ajili ya nani? Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Niruhusuni niseme kwa hesabu ya duka. Nikinunua gunia la mchele bandarini, bei yake si bei nitakayouzia. Naongeza gharama ya gari, ya hamali, kodi ya serikali, kodi ya duka, na nikiwa nimekopa, naongeza gharama ya mkopo. Nyumba ni vivyo hivyo. Shirika linakopa fedha benki, na benki haisubiri. Barabara za ndani, mabomba ya maji, mifereji na umeme, ambavyo katika nchi nyingi hulipwa na serikali, Shirika mara nyingi hulazimika kuvilipa lenyewe. Juu yake yapo mambo ya kodi ya ongezeko la thamani. Yote hayo huingia katika bei ya nyumba, naye anayeyalipa ni mnunuzi. Ndipo nyumba iliyotangazwa kuwa ya mtu wa kipato cha kati ikawa mtu wa kipato cha kati anaitazama kutoka dirisha la daladala. Hapa pana hesabu mbovu, wala hapahitaji mwizi. Serikali inayotaka nyumba rahisi bila ya yenyewe kutoa kitu ni kama mtu anayeniambia niuze mchele rahisi na gunia nimelinunua ghali.

La pili, ndugu zangu, ni khabari ya mtu aliyekuwapo kabla. Sharia ya Ardhi ya bara ya mwaka 1999 imeweka msingi kuwa mtu anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Ni maneno mazuri. Lakini fidia humtazama kwanza mwenye ardhi na mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, mama mwenye jiko la mkaa chini ya mwembe, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli: hawa hawana karatasi, na asiye na karatasi hana mdomo. Nao ndio waliouweka mtaa hai miaka yote ambayo kiwanda kilikuwa maiti.

La tatu ni khabari ya muda. Mwaka 2008, serikali ya Muungano ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari, wakati ambapo Kigamboni ilikuwa bado katika Temeke. Watu wakazuiwa kuendeleza majenzi wakingoja mji mpya. Wakangoja mwaka, wakangoja miaka. Mtu ana ukuta wake nusu, hajui aumalize au auvunje. Ana binti wa kuoza, hajui amuongezee chumba au asimuongezee. Mji ule haukuja kama ulivyochorwa. Huko huko Kigamboni, kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya wafanya kazi, zilianzwa nyumba za Dege, zilizokusudiwa kuwa zaidi ya elfu saba, na mwaka 2016 kazi ikasimama, yakabaki magofu mapya. Ahadi isiyo na tarehe haimuachi mtu pale alipokuwa, humrudisha nyuma.

Msidhani mambo haya ni ya nchi yetu tu. Bombay, ambayo leo yaitwa Mumbai, mji ambao wazee wetu wakiujua kwa majahazi na kwa nguo, ulikuwa na viwanda vya pamba katikati ya mji, katika ardhi ya kadiri ya ekari mia sita. Mwaka 1982 wafanya kazi wake, kadiri ya laki mbili na nusu, waligoma, na baada ya mgomo ule viwanda vingi havikuinuka tena. Ardhi ikawa dhahabu. Mwaka 1991 ikatungwa kanuni iliyotosheleza moyo: mwenye kiwanda akitaka kujenga upya, theluthi ya ardhi aipe mji iwe viwanja na bustani, theluthi aitoe kwa nyumba za watu wa kawaida, na theluthi iwe yake. Ndugu zangu, ingelikuwa mimi ningelipiga makofi. Lakini mwaka 2001 kanuni ikabadilishwa maneno machache tu: kugawa theluthi kukahusu ile ardhi tupu peke yake, isiyo na jengo. Na kiwanda ni nini isipokuwa majengo? Basi sehemu ya umma ikasinyaa ikawa vipande. Watu wakaenda mahkamani, na mwaka 2006 Mahkama Kuu ya India ikayakubali mabadiliko yale. Leo palipokuwa na vyerehani vya kufumia pana maduka ya fakhari na majumba marefu.

Kinyume chake tutazame Hamburg, bandari ya Kijarumani ambayo wafanya biashara wake walikuwa na nyumba zao za biashara Unguja zama za Masayyid, na mwaka 1859 wakafunga mapatano na Sayyid Majid. Bandari yao ya zamani, kadiri ya hekta 157, tangu mwanzo wa karne hii imekuwa ikigeuzwa kuwa mtaa wa kukaa na kufanya kazi. Hawakuiuza kwa mkupuo. Kampuni inayoigawa ardhi ni ya mji wenyewe. Mjenzi hapewi kwa ukubwa wa bei tu, bali huulizwa atajenga nini na kwa ajili ya nani, na asipotimiza ardhi hubaki kwa mji. Sehemu za mwanzo zilikuwa za matajiri, wananchi wakalalamika, na katika sehemu za baadaye mji ukataka kadiri ya theluthi ya nyumba ziwe za watu wa kipato kidogo. Waliweza kulirekebisha kosa kwa sababu walikuwa bado na ardhi mkononi. Aliyekwisha uza hana la kurekebisha.

Sasa narejea kwenye daftari la mjomba wangu.

Mjomba aliuza katika ukumbi ule kwa miaka mingi, na kila mwezi alilipa kodi mkononi mwa mwenye nyumba, ambaye jina lake silitaji. Nilimwambia siku moja, "Mjomba, tuandikishane naye." Akanambia, "Mtu mwema huyu, twasali msikiti mmoja." Nami nikanyamaza. Nikaona haya kumuuliza Muislamu mwenzangu karatasi. Akaja mnunuzi aliyetaka nyumba ile, maana bei ya ardhi pale ilikuwa imekwisha panda, na mjomba akapewa siku thalathini. Hakuwa na risiti moja. Tulihamisha rafu kwa mkokoteni, na nusu ya wateja waliokuwa wakidaiwa hatukuwaona tena. Hawakukimbia, bali hawakujua tulikokwenda. Mjomba akarudi kisiwani na hakufungua duka jengine mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wazee wangu, mimi nilikuwa nimekhitimu. Nilijua, kama mnavyojua nyote, ya kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu haikuja kwa sala wala kwa funga, bali imekuja kwa deni: inatutaka tuliandike, liwe na muda wake maalumu, na wawepo mashahidi. Nikaisoma kwa sauti nzuri chuoni, nikaiacha mlangoni mwa duka. Kosa lilikuwa langu kuliko la mjomba, maana mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Tazameni sasa mambo matatu ya aya hiyo, muyapime na niliyoyaeleza. Kigamboni palikuwa na mpango bila ya muda. Kawe pana muda na maandiko, lakini mashahidi, yaani wakaazi wa Ukwamani na Mzimuni na wachuuzi wa pale, wana nafasi gani katika daftari? Bombay paliandikwa, tena vizuri, lakini mwenye kalamu aliachiwa na kifutio. Ahadi ya serikali ni deni kama deni jengine, nalo huthibiti kwa mambo yote matatu. Likipungua moja, yamepungua yote.

Kwa hiyo naomba tawi letu lipeleke kwa viongozi wetu masharti haya, ili chama kiyadai siku yoyote ardhi ya kiwanda au godauni hapa visiwani itakapotakiwa kujengwa mtaa.

Kwanza, ardhi isiuzwe ikatoka mikononi mwa umma. Ikodishwe kwa miaka maalumu, na mjenzi asiyeanza kwa wakati wake irudi.

Pili, kabla ya jiwe la msingi, watu wote waliopo waorodheshwe kwa majina: wenye nyumba, wapangaji, na wachuuzi pia. Orodha ibandikwe pahala pa wazi, na kila mtu apewe nakala ya jina lake.

Tatu, theluthi ya nyumba iwe ya kupangisha kwa watu wa kipato kidogo. Iwe ya kupangisha, si ya kuuza peke yake. Maana asiyeweza kupata kodi ya miezi sita hawezi kupata malipo ya mwanzo ya nyumba. Serikali itoe barabara, maji na mifereji, na gharama hiyo isitiwe katika bei.

Nne, tabaka ya chini iwe na maduka madogo ya kodi wanayoiweza walioorodheshwa. Mtaa wenye duka moja kubwa la vioo na walinzi mlangoni ni ghala lenye vyumba vya kulala juu yake, wala si mtaa.

Tano, udongo upimwe kwanza. Palipokaa mafuta ya mashine, dawa za viwanda na mapaa ya asbesto si pahala pa watoto kuchezea mpaka pasafishwe.

Sita, ijulikane mapema nani atatengeneza lifti, pampu na ngazi. Bara wana sharia ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, nasi tunayo ya mwaka 2010. Mnayajua majumba ya Michenzani. Jengo refu bila ya mfuko wa matengenezo humchosha mkaazi wake kuliko kibanda.

Nina neno moja la mwisho, nalo huenda lisiwapendeze wote. Katika mkutano uliopita palitajwa mradi wa serikali, na baadhi yetu tukazomea kabla ya kujua ni mradi gani. Hiyo si siasa, ni kelele. Masharti haya sita tusiyaandike kwa ajili ya wapinzani wetu tu. Iwapo Mwenyezi Mungu atatujaalia sisi siku moja kushika serikali, basi na sisi tutakuwa wadaiwa, na wananchi watafungua ukurasa na kututazama usoni. Kwa hiyo naomba azimio hili litiwe saini na kila mjumbe wa Kamati, liwekwe tarehe ya leo, na nakala zake wapewe wanachama wasiokuwa viongozi, ndio wawe mashahidi wetu.

Daftari la mjomba ninalo dukani mpaka leo. Yeyote anayetaka kuona hasara ya neno lisiloandikwa na aje alitazame. Kurasa za wateja zimejaa, na ukurasa wa mwenye nyumba ni mweupe.